Machozi Mbele ya Kiti Kitupu

Nichekeni, lakini ngojeni nimalize. Mie ni mtangazaji wa vipindi vya maisha ya watu kwenye televisheni. Juzi tulikuwa Kiwengwa kwa Bi Mize, mkulima wa mwani, akitusimulia alivyomzika mwanawe wa pekee. Alilia. Mie, Mungu anisamehe, nlikuwa nnawaza wali wa nazi uliokuwa ukinukia jikoni kwake.

Kamera yetu ni moja, hivyo mgeni akishamaliza ndipo tunapoupiga picha uso wangu peke yake, tuje kuunganisha, mtazamaji adhani nlikuwa nnasikiliza kwa makini. Bi Mize akaenda chumbani kusali. Nikakikabili kiti chake kitupu, nikaitikia kwa kichwa, uso nimeukunja.

“Haitoshi,” akasema mpiga picha. “Lia kidogo.”

Nikajitia dawa ya macho, nikalia kwa kwikwi. “Pole, Bi Mize. Pole, mamangu!”

Mlango ukafunguka. Bi Mize kaja mbio, ncha ya kanga mkononi, anifute machozi. Akakitazama kiti. Akaitazama chupa ya dawa mkononi mwangu. Kamera bado inapiga picha.

Akakaa polepole.

“Haya, mwanangu. Na mie nilie tena, au yangu yalitosha?”