Siku Tuliyoiacha Thina

Kiwanda chetu cha rangi pale Kitengela kilikuwa na desturi moja tuliyoiamini kama Injili: ukitoka kuosha tangi kwa thina, kile kiyeyusho kikali cha rangi, unapewa pakiti ya maziwa ya kuosha kifua. Hata tulipogoma, tulidai pakiti ya pili. Wajinga sisi! Mvuke unapanda kichwani, maziwa yanashuka tumboni, vitakutana wapi?

Macho yalinifunguka mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Isinya, mlokole ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya harusi, alitoka tangini akiyumba. Meneja akamkuta ameshikilia ukuta.

"Mama, umekunywa?"

"Nimekunywa maziwa tu, bosi."

Akapewa barua ya onyo la mwisho: akiyumba tena, kazi hana. Nilikasirika.

Stoo kulikuwa na mtungi wa kiyeyusho kipya cha mafuta ya soya, kisicho na mvuke wa kulevya, ambacho muuzaji wa kemikali alituachia ili tukijaribu. Hakuna aliyekigusa, maana kilinuka kama karai la mandazi. Nikaingia ofisini kwa meneja. Nikasema tukitakatisha tangi kwa hicho, thina iondoke na ile barua ichanwe. Tukishindwa, nifukuzwe na mimi. Mdomo wangu huu utaniua siku moja.

Meneja alichagua tangi baya kuliko yote, lenye rangi nyekundu iliyogandamana. Tukapaka asubuhi, tukasugua. Dakika kumi, kumi na tano, hakuna kilichobanduka. Msimamizi akacheka, "Hii ni ya kupika, si ya kuosha." Mwenzangu akaanza kuomba kwa Kimaasai, na mimi nikaogopa kwelikweli.

Ndipo nikaona kosa letu. Tulikuwa na haraka ya thina, ambayo hula rangi papo hapo kisha inapaa hewani. Dawa hii ya soya ilikuwa nzito na ya taratibu. Ilitaka kuloweka, kama mahindi makavu ya githeri kabla ya kuchemshwa na maharagwe. Nikawanyang'anya brashi.

"Wacheni ikae mpaka saa saba."

Nikakalia kifuniko cha tangi ili asiniharibie mtu.

Saa saba tuliposugua, rangi ilitoka mapande mapande kama ukoko wa ugali. Tukasuuza. Meneja akainama, akapangusa ndani kwa kitambaa cheupe, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa cheupe vilevile. Aliichana barua mbele yetu, akamwambia msimamizi aitoe thina. Nilipiga vigelegele bila aibu.

Tangi la pili mwenzangu aliliingia mwenyewe. Miaka yote tulikuwa tunaingia kimya, pumzi tumezibana, tukimaliza haraka tutoke. Mara nikamsikia anaimba humo ndani, sauti ya juu kabisa, chuma chote kikivuma. Aliimba mpaka kengele ya jioni, kisha akatoka, akapita mbele ya dirisha la meneja, akitembea wima.