Dirisha la Chumba cha Docus

Duka la magodoro la Siraje liliungua mchana wa Jumanne, katikati ya Bwera, watu wakiona. Siraje mwenyewe alikutwa nyuma ya dirisha, amekufa, vidole vimeng'ang'ania vyuma. Watu walikuwa wamevifunga vyuma hivyo kamba na kuvivuta kwa pikipiki, visitoke. Asanasio alikuwa miongoni mwa waliovuta. Ndiye aliyevichomelea vyuma vile miaka minane nyuma, kama alivyochomelea vya nusu ya mji, na tangu kamba ya kwanza alijua kwamba havitatoka.

Alirudi nyumbani bila kula. Asubuhi yake akaanza kukata dirisha la nyumba yake mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu, na upande wa pili wa ukuta alikaa Hamim, aliyeuza petroli kwa madumu. Ndani walilala watu watano: Asanasio; mkewe Docus, ambaye kiharusi kilimwacha upande wa kulia hauna kazi; binti yao Night; na watoto wawili wa Night, Bright wa miaka mitano na mchanga anayenyonya. Asanasio alichagua dirisha la chumba cha Docus. Alivikata vyuma, akavitia bawaba vifunguke kama mlango, akaweka komeo kwa ndani ili mwizi asilifikie.

Kila Jumapili baada ya kanisa walifanya mazoezi. Bright anatoka kwanza, anapokea mtoto. Kisha Asanasio na Night wanambeba Docus, huyu kwapani, yule miguuni.

"Munanibeba kama gunia ya mahindi," Docus alisema mara ya kwanza, wakacheka wote.

Mara ya pili hakucheka. "Na kama wewe haiko?"

"Nitakuwa wapi tena?"

"Baba Night, wewe iko na kazi. Siku moja utakuwa Kasese."

Basi wakajaribu bila yeye. Night alimvuta mama yake juu ya blanketi mpaka dirishani vizuri, ila kumwinua kufikia ukingo kulimshinda. Walijaribu mara tatu. Mkono wa kushoto wa Docus, ule mzima, ukavilia damu, Night akakaa chini akalia, na Bright akauliza kama moto umeshakuja.

Asanasio akachora mstari wa mkaa ukutani, chini ya dirisha. Hapo angebomoa, aweke mlango wa pili. Akamwendea pia Hamim kumwomba aondoe madumu. "Wiki ijayo, mzee," Hamim alisema, na wiki iliyofuata alisema vilevile.

Akazunguka kwa wateja wake wa zamani, akijitolea kuwatilia bawaba bure. Hamidah, muuza vitenge, alimtazama kama mtu aliyelewa. "Mzee, nilikuita ufungie wezi nje. Leo unataka kuwafungulia?" Katika nyumba kumi na tisa, ni moja tu iliyokubali.

Mwezi uliofuata akaitwa Kasese kufunga vyuma kwenye jengo jipya. Mwenye jengo hakutaka kusikia habari ya bawaba. Asanasio alikubali, kwa sababu kazi ile ndiyo ingeleta saruji na mlango. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jirani yao Yayeri akapiga simu.

"Rudi," alisema. "Rudi tu, baba."

Alipofika, moto ulioanzia kwenye madumu ya Hamim ulikuwa umeangusha mabati ndani, na moshi bado unafuka. Night alikaa ng'ambo ya barabara, nywele zimeungua upande mmoja, mtoto kifuani, Bright akimshika sketi.

"Mama iko wapi?" Asanasio aliuliza, ingawa alishaona.

"Moto ilishika mlango, nikamuvuta mpaka dirishani," Night alisema. "Nikamwinua mara mbili, akaanguka. Moshi ikajaa. Akaniambia nitoe watoto kwanza, halafu nirudie yeye. Nikaruka nao. Kugeuka, naona amefunga vyuma. Ameegemea ukuta, mukono yake ile nzima iko kwa komeo. Nikavuta, baba. Nikavuta. Akaniambia, enda."

Asanasio alijua nguvu ya komeo lile. Alilijaribu mwenyewe siku alipolitia, akaridhika.

Walimzika Docus kwao Bugoye, juu kidogo ya mto. Hamim alikuja msibani, akakaa nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Hakuna aliyemsemesha.

Siku zile zote Asanasio alitaka kumwambia Night jambo moja, kwamba hakukosea, kwamba yeye mwenyewe angefanya vilevile. Mara mbili alimwita, na mara zote mbili, binti alipogeuka na zile nywele zilizoungua, akaishia kumtuma maji. Mwezi haukuisha Night akachukua watoto akaenda Katunguru, kupasua samaki kwa mwanamke mmoja mfanyabiashara. Asanasio alipanga chumba Bwera na kurudi kazini.

Hupigiana simu Jumapili. Asanasio humuuliza kama Bright ameanza shule, kama kikohozi cha mtoto kimepungua. Night hujibu kwa adabu, ndiyo baba, hapana baba. Kisha maneno huwaishia, na hakuna anayekata. Wanasikilizana wakipumua mpaka simu ijizime yenyewe.