Nyungunyungu Niliowapanga kwa Kijiko

Nyinyi vijana, nnawaambia: kitu cha mwenzio usikiguse mpaka uulize. Mtu mzima miye sikuuliza.

Mjukuu wangu Rukia anasomea mambo ya udongo. Alijaza beseni nusu udongo wa bustani yangu ya mchicha hapa Jang'ombe, iliyopakana na gereji, na nusu udongo wa shamba. Katikati akatia nyungunyungu. Asubuhi nikawakuta wamerundikana wote upande wa shamba. Nikaona hawana adabu, wanabanana na huku chumba kingine ki kitupu. Nikachukua kijiko, nikawagawa sawasawa.

Rukia akaja kuwahesabu. "Bibi, udongo wako salama. Wamekaa nusu kwa nusu."

Bi Mwanaidi, jirani yangu, alikuwepo, kashanunua fungu la mchicha wangu. Nikajisifu mbele yake: "Nimewapanga mwenyewe. Walijazana upande mmoja kama wendawazimu."

Rukia akaweka kalamu. "Upande upi, Bibi?"

"Wa shamba."

"Bibi, hawa wakikuta sumu hukimbia."

Bi Mwanaidi akalitua fungu lake barazani taratibu. Nikawaita walio ndani: "Ng'oeni mchicha wote, na ulio jikoni asiule mtu."