Kura Iliyopigwa Nikiwa Nje

Jumba letu la sanaa hapa Mpanda ni chumba kimoja cha kupanga, chenye mlango wa chuma na dari inayovuja upande wa picha za rangi. Tuliliita jumba kwa sababu tulipokwenda kusajili chama tulitaka jina lenye heshima. Ndani mna picha za vijana wa mjini, vikapu vya akina mama wa Kasekese, ngoma mbili ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzipiga, na, mpaka mwaka jana, mtungi wa mama yangu.

Chama chetu hakigawani faida. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana hata hiyo faida yenyewe hawajawahi kuiona. Wafadhili wakija hulipia semina, chai ya semina na bango la semina. Kodi ya chumba hakuna anayetaka kuigusa, haipigiki picha. Kwa hiyo kodi tunaichangia wenyewe, na wakati wa kilimo michango hukauka kabisa, kila mtu ana mbolea ya kununua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye mwenyekiti wa kamati. Makamu wangu ni mzee mmoja mwenye duka la misumari na saruji karibu na soko. Tulipokuwa tunatafuta chumba, mdogo wake alikuwa nacho kimoja, kizuri na cha bei nafuu. Nilisimama nikasema mtu mwenye ndugu kwenye jambo hakai ndani jambo hilo likijadiliwa. Mzee alinyanyuka, akaenda kukaa kibarazani kwa fundi cherehani. Tukakikataa chumba cha mdogo wake ili watu wasiseme tunapeana, tukapanga hiki tulichokuwa tumeazima kwa vikao, cha bei kubwa. Utaratibu ule niliusimamia mpaka ukaingia kwenye katiba, na nilijivunia. Bado naamini nilikuwa sahihi, ingawa tangu siku ile mzee aliniita "Mwenyekiti" hata tukikutana sokoni kwenye nyanya.

Mwaka jana mwenye nyumba akapandisha kodi. Akatupa muda mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo tutoe vitu vyetu. Wiki hiyohiyo akaingia bwana mmoja anayejenga loji njia ya kwenda hifadhini. Hakutazama picha. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akauzunguka, akasema anautaka wa kuweka mapokezi. Bei aliyotaja ingetulipia kodi ya mwaka mzima.

Mtungi ule ni wa mwisho ambao mama aliufinyanga kabla vidole vyake havijakakamaa. Ni mkubwa, mtoto wa darasa la kwanza angeweza kujificha ndani. Aliuleta mwenyewe kwa basi kutoka Kibaoni, kaufunga kwa kanga, kaulipia siti yake. Konda akamuuliza, "Mama, huyu abiria wako anashukia wapi?" Mama akamjibu, "Anashukia kwa mwanangu." Baadaye alihamia kwangu hapa mjini, na kila Jumapili akitoka kanisani alipitia pale, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mtungi wake, akaushika shingo. Akitosheka ananyanyuka tunaondoka.

Lakini aliutoa zawadi kwa chama, na mali ya chama huuzwa kwa kura ya kamati. Nilifikiri kuununua mwenyewe. Nikapiga hesabu ya mshahara wangu na mikopo inayokatwa humo, nikaacha kujidanganya.

Siku ya kikao nilifungua kwa sala, nikatangaza ajenda, nikasema, "Mtungi ni wa mama yangu, natoka." Makamu akakalia kiti changu. Nami nikaenda kukaa palepale kibarazani, kwa fundi yuleyule.

"Leo ni zamu yako?" fundi akaniuliza huku akikanyaga cherehani.

"Ni zamu yangu."

"Sheria msumeno," akasema, akacheka. Sikucheka.

Kikao kilichukua muda. Nilisikia sauti zikipanda na kushuka nyuma ya mlango, nikatambua nani anasema bila kusikia anasema nini. Mwishowe makamu akatoka, kofia yake mkononi.

"Mwenyekiti, tumefungana. Watatu wanataka tuuze, watatu hawataki. Ingia utuamulie."

"Siingii. Kura ya kuamua ni ya aliyekalia kiti, na leo umekalia wewe."

"Mama yako anaupenda ule mtungi. Hata mimi namwona Jumapili, kwangu dukani kunaonekana."

"Ndiyo maana siingii."

Akavaa kofia yake. "Haya. Ila usije ukaninunia, mwanangu." Ndiyo mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Akarudi ndani.

Nitasema kweli: nilitaka aivunje sheria yangu kwa ajili yangu. Nilikaa pale nikiomba awe mwoga kuliko mimi. Alipotoka tena hakunitazama usoni. "Tunauza," akasema. Nikamchukia, na papo hapo nikahisi mzigo wa kodi umenitoka mabegani, nikajichukia na mimi pia. Siku ya pili nilitia sahihi stakabadhi kama inavyotakiwa.

Nilipaswa kumwambia mama nyumbani. Kila jioni nilisema kesho, mpaka Jumapili ikafika. Akaingia, akavuta kiti chake cha plastiki, ndipo akaona. Pale chini ilibaki ngata tu, ile ya majani aliyoisuka kuukalisha mtungi. Mnunuzi hakuihitaji.

"Umevunjika?" akauliza.

"Hapana, mama. Kamati imeuuza. Ni kwa ajili ya kodi, tungefukuzwa hapa."

"Kamati." Alilisema taratibu. "Na wewe ulisemaje?"

"Sikusema kitu. Sheria hainiruhusu, kwa kuwa wewe ni mama yangu. Nilitoka nje."

Nikaanza kumweleza sheria ile ilivyo, kwa nini vyama vingine vimekufa kwa kupeana, jinsi makamu naye aliwahi kutolewa. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wazazi shuleni. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama kwa shida, akaiokota ngata, akaikung'uta vumbi.

"Mimi sikuileta zawadi ile kwa kamati," akasema. "Kamati siijui. Nilikuletea wewe."

Akaitia ngata kwenye mkoba wake wa kanisani, juu ya Biblia, akatangulia kutoka. Nilibaki kufunga mlango. Kodi ya mwaka mzima ililipwa, na Jumapili mama hapitii tena.