Jivu la Shangazi Febronia

Shangazi Febronia alikuwa mbishi, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ukimfungia mlango hakuusukuma wala hakupiga kelele. Alizunguka nyuma kutafuta dirisha.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na shangazi, mjane asiye na mtoto, akanichukua. Kwetu hapakuwa na shule. Shule ilikuwa ng'ambo ya mbuga, katika kijiji cha ujamaa, na watu wa pale waliifyatulia tofali wenyewe. Kwa kuwa nafasi hazikutosha, mkutano wao ulikata shauri kwamba darasa la kwanza ni la watoto wa kijiji kile. Wa nje wasubiri. Mkono wangu ulikuwa umeshapita juu ya kichwa ukagusa sikio la pili, kipimo cha umri cha siku zile. Ningesubiri mwaka huo na mwingine, ningechunga mbuzi mpaka niolewe. Shangazi aliliona hilo kabla yangu, na lilimuuma.

Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi wa kijiji kile, Mzee Mughwai, mtu mpole aliyependa kanuni kama wenzake walivyopenda ugoro. Balozi akamjibu kwa adabu kwamba kanuni ni kanuni. Shangazi hakubisha. Aliuliza tu kama anayehamia anapokelewa. Akaambiwa anapokelewa sana, maana kijiji kinataka mikono. Basi, akasema, anahamia.

Wakampa kibanda kilichokuwa wazi, na kazi katika shamba la pamoja. Kumbe hakuwa na nia ya kuhama hata kidogo. Kwake kulikuwa na kaburi la mume wake, mizinga yake ya nyuki, na tembe, nyumba ya udongo aliyoikandika kwa mikono yake. Kwa hiyo kila alfajiri tulivuka mbuga, yeye mbele na jembe, mimi nyuma nikipiga miayo. Aliwasha moto kibandani, kwa sababu nyumba yenye mtu hujulikana kwa moshi. Kisha alilima shamba la pamoja mpaka wenye kijiji wakamsifu. Jioni tulirudi kwetu kimyakimya. Jina langu likapokelewa shuleni, ikabaki balozi athibitishe kwamba kweli tunakaa pale.

Akaja mchana mmoja. Alikaribishwa ugali wa mtama na mlenda, akala, akashukuru. Halafu akazunguka nyuma ya kibanda kama anayetazama ua, akarudi polepole.

“Dada Febronia,” akasema, “moto unawaka hapa kila siku. Jivu liko wapi?”

Nyuma ya kila nyumba pana jaa la taka na jivu. Nyuma ya kibanda chetu palikuwa safi kama uwanja wa kanisa, kwa sababu shangazi alizoa jivu lote na kulibeba nyumbani kwa kikapu. Mbegu za mtama huchanganywa na jivu zisiliwe na wadudu, naye kutupa jivu zuri asingeweza. Alikuwa na akili ya kuhadaa kijiji kizima, lakini ubahili ukamponza.

“Nimelipeleka nyumbani, kwenye mbegu,” akajibu, kisha ndipo akasikia alichosema.

Mzee Mughwai aliegemea fimbo yake. Nilimchukia yeye, fimbo yake na viatu vyake vya matairi.

“Mbegu ya mtu inapolala, ndipo kwake,” akasema. “Moshi hata mpita njia anaweza kuufukiza. Jumamosi ni mkutano. Ukileta mbegu, nitasimama niseme unakaa hapa. Usipoleta, siwezi kuwadanganya watu.”

 Jioni ile, tuliporudi kwetu, shangazi alikaa sana kando ya kaburi la mume wake. Mimi nilisonga ugali ukaungua, naye akaula bila kunikaripia, ndipo nikajua mambo ni mazito.

Asubuhi alitungua vibuyu vya mbegu juu ya jiko. Kikubwa akajitwika, kidogo akanipa mimi. Mlango aliuacha wazi, akisema nyumba isiyo na mbegu haina cha kuibiwa. Tulipofika akatundika vibuyu, akawasha moto, akapika. Kisha akazoa jivu, akatoka nalo mchana kweupe, akangoja mpaka Mzee Mughwai apite, akalimwaga nyuma ya nyumba.

“Shikamoo, Balozi. Jivu ndilo hilo.”

“Marahaba, dada,” akasema, na nikamwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Jumamosi balozi alisimama akasema tunakaa pale, na shule ilipofunguliwa nikaingia darasa la kwanza. Tembe yetu iliangushwa na mvua zilizofuata. Shangazi alipoambiwa aliuliza tu kama nyuki wapo.

Nimekuwa mwalimu tangu ujana wangu, katika shule ileile. Shangazi alizeekea pale, na jaa lake likawa kichuguu. Alipofariki, kijiji kilitaka kumzika palepale kijijini kwa heshima. Nilikataa. Tulimvusha mbuga tukamlaza kando ya mume wake, maana kule ndiko kwake. Huku alikuja kwa ajili yangu.