Usifungue Mlango!

Kabla ya korona, binamu yangu alikuwa akinipeleka sinema usiku wa manane kutazama filamu moja ya zamani, mbovu kabisa. Kila mara muuaji alipobisha hodi, ukumbi mzima ulipiga kelele, "Usifungue, mjinga wewe!" Mimi, ambaye darasani hata kuitika jina naona haya, niliwashinda wote.

Jana, tukiwa bado tumefungiwa majumbani, tuliitazama kila mtu kwao, huku tumepigiana simu. Muuaji akabisha hodi. Nikafungua mdomo, nikasikia friji ikinguruma tu.

"Mbona kimya leo, mpiga kelele wetu?" binamu akauliza.

"Mama amelala."

Nilidanganya. Mama ni muuguzi, alikuwa kazini, nyumba nzima ilikuwa yangu. Na ile sinema imeshafungwa moja kwa moja. Sijui nitapigia wapi kelele tena.