Nilivyoipika Sikukuu ya Watu wa Welisi

Niliondoka Wundanyi kwa sababu moja tu: kumleta nyumbani mdogo wangu Wakesho, anayefanya kazi za ndani Dubai. Mama alipofariki mwaka jana hakuja kumzika, kwani mwajiri wake wa wakati ule alimnyima ruhusa. Sasa mwaka ulikuwa unatimia, ibada ya kumbukumbu ilikuwa Jumamosi, na kwenye simu Wakesho alikuwa bado anazungukazunguka. Ndugu wakaamua mkubwa aende kumchukua. Mkubwa ndiye mimi, mpishi wa shule ya bweni, ambaye kabla ya hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mombasa.

Jumanne nilifika huko Mombasa, na safari hii nikapitiliza hadi uwanja wa ndege. Ndani ya ndege, jirani yangu alinifundisha kufunga mkanda. Niliufunga vizuri sana, ila nilifungia na koti lake ndani.

Dubai, Jumatano asubuhi, tarehe mosi Machi. Wakesho alinipokea kwa machozi na kicheko, akanipeleka Al Muraqqabat, kwenye chumba anachokaa na wenzake watano. Nilipomuuliza kama ameomba ruhusa, akainamisha kichwa.

"Dada, huu ni mwezi wa nne tu kwa huyu madam," akasema. "Nikianza maombi, atasema khalas, tafuta kazi kwingine."

Nikamwambia mficha uchi hazai, na kama yeye anaogopa, nitasema mimi. Akanisihi ningoje hadi wageni wa madam waondoke. Siku hiyo kulikuwa na karamu, naye alikuwa ameniombea nafasi ya kumsaidia.

Saa tano tukapanda basi hadi Satwa, tukawapita mafundi cherehani na magereji, tukatembea kidogo hadi nyumbani kwa madam. Njiani Wakesho alinieleza kwamba madam ni mtu wa Welisi, na kwamba tarehe mosi Machi ndiyo siku aliyofariki mtakatifu wao, Daudi. Kila mwaka huwaalika watu wa kwao, pamoja na majirani wawili, mmoja wa Uskoti na mwingine wa Ayalandi.

Saa saba mchana Wakesho alipanda ghorofani kupiga pasi vitambaa vya meza, akaniacha na supu jikoni. Kando ya sinki kulikuwa na liki changa, mboga za jamii ya kitunguu, zimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Mimi nikiona mboga imelala, mkono hauwezi kutulia. Nikaziosha, nikakata majani ya juu na kuyaweka pembeni, zilizobaki nikazikatakata na kuzitia sufuriani. Supu ikanukia, nami nikajisifu.

Punde madam akaingia na kopo la pini, akauliza liki zake ziko wapi. Wakesho, aliyekuwa ameteremka nyuma yake, akatazama sinki, akatazama sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Dada," akasema polepole, "hizo hazikuwa za kupikwa. Zilikuwa za kuvaliwa."

Zilikuwa za kubandikwa kifuani. Inasimuliwa kwamba zamani, vitani, askari wa Welisi walivaa liki ili wajuane. Hapo nikaona ruhusa ya mdogo wangu inachemka mle sufuriani, na nikaogopa kweli. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikakiri kosa, kisha nikaona heri niseme yote: mama, mazishi aliyoyakosa Wakesho, na ibada ya Jumamosi.

Madam alifunua sufuria akatazama ndani. Akamgeukia Wakesho, akamuuliza kwa nini hakusema. Wakesho akajibu kwamba aliogopa.

"Mimi nimealika watu kwa ajili ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita," madam akasema. "Nitamzuiaje aliyefiwa na mama yake mwaka jana? Nenda. Ila dada yako asiguse tena mboga zangu."

Kisha akaokota yale majani niliyoyaweka pembeni, akaanza kuyakata vipande. Wageni wote walivaa hayo. Mzee wa Uskoti alisema kwao wanakumbuka mwezi wa Juni, walipowashinda Waingereza vitani, na hakuna anayevaa mboga. Yule wa Ayalandi akamwambia asubiri tarehe kumi na saba, siku ya mtakatifu wao, amvalishe majani yake. Supu iliisha yote.

Ijumaa tulirudi pamoja. Safari hii mkanda nilifunga bila koti la mtu.

Jumamosi, Wundanyi, kabla ya ibada, Wakesho aliingia kwenye shamba dogo la mama, aliyetulea kwa kuuza mboga sokoni. Akachuma mnavu, akatubandikia ndugu wote kifuani kwa pini alizopewa na madam. Mchungaji alipotuona akauliza hiyo ni desturi ya wapi.

Nikamwambia ni ya kwetu, imeanza leo.